Ligi ya Mtaani Inayolinda Ziwa: Mwongozo Kamili kwa Makocha na Walimu wa Kigoma

Kila mwaka ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, napokea simu zilezile. Mwalimu wa Gungu, kijana wa Katonga, kiongozi wa vijana wa Ujiji, wote wanataka kuandaa bonanza la mpira la kuhamasisha utunzaji wa mazingira. Bonanza linafanyika. Watoto wanacheza, mgeni rasmi anahutubia nusu saa juani, miche inapandwa, picha zinapigwa. Pita hapo wiki tatu baadaye: uwanja umejaa vifuko vya kandoro, yale maji ya kunywa ya vifuko vya plastiki, na miche imekauka.

Kosa ni moja kila mara. Mpira umefanywa chambo, somo likawa ndoano, na watoto wa Ziwa Tanganyika wanazijua ndoano kuliko sisi. Wanakula chambo na kuondoka. Mazingira yanatakiwa yaingie kwenye jedwali la ligi, kwenye sheria za mchezo, hata kwenye ubishi wa pointi. Ukisikia vijana wa Bangwe wanabishana saa nzima juu ya pointi waliyoikosa kwa sababu ya vifuniko vya soda, jua somo limeingia.

Mwongozo huu ni wa ligi ya wiki tano, mitaa sita, vijana wa miaka 12 hadi 17. Kila mtaa unatoa timu mbili: wavulana wanacheza mpira wa miguu, saba kwa saba, na wasichana wanacheza netiboli. Makosa ninayoyaonya humu niliyafanya mwenyewe, na baadhi yaligharimu msimu mzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mipira miwili ya miguu, mpira mmoja wa netiboli, na filimbi mbili.
- Kamba ya manila ya mita 20, ifungwe fundo kila baada ya mita 5. Ukiunganisha ncha zake unapata mraba wa mita 5 kwa 5. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.
- Glovu nene za kazi, jozi 12.
- Viroba vya unga au mchele vilivyokwisha kutumika, kama 20. Vinafulika na kurudi kazini.
- Ubao wa plaiwudi, rangi nyeusi na chaki, pamoja na daftari gumu moja.
- Madumu mawili ya lita 20 ya maji ya kunywa. Kila mchezaji aje na kikombe chake.
- Chupa tatu angavu za plastiki zenye vifuniko.
- Nyavu chakavu za uvuvi kwa ajili ya magoli.
- Miche 10 kwa kila mtaa, na mingine kumi ya akiba.
- Boksi la huduma ya kwanza.

Fulana zenye maandishi, mabango na spika kubwa havimo kwenye orodha kwa makusudi. Ukipata mfadhili anayetaka kutoa fulana, mwombe atoe majembe na glovu.

## Hatua ya 1: Ruhusa, na mahali pa kupeleka taka

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha afisa michezo wa halmashauri. Kama utatumia ufukwe, zungumza na BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Wazazi wasaini karatasi. Shule nyingine zina klabu za Roots & Shoots, mpango ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1991. Wenye klabu hizo washirikishe mapema, maana mara nyingi wana kitalu cha miche.

Ukiwa mwaloni, usisahau kina mama wanaoanika dagaa. Mchanga mnaouona mtupu asubuhi ni kiwanda chao ifikapo saa tano. Niliwahi kuweka magoli bila kuwauliza, na mpira ukatua katikati ya dagaa wa mtu. Tulilipa, na tulistahili kulipa. Waulize ni sehemu gani haitumiki na saa ngapi wanaanua.

Kisha swali ambalo waandaaji wengi hulikwepa: taka zikishakusanywa, zinakwenda wapi? Pata jibu la maandishi au la mtu unayemjua kwa sura. Chupa zina wanunuzi wa kilo mjini. Zinazobaki zichukuliwe na gari la manispaa kwa siku mliyokubaliana. Usikubali jibu la "tutazichoma hapo nyuma". Moshi wa plastiki una sumu, na watakaouvuta ni wachezaji wako.

Umefaulu kama: unajua jina la mtu atakayekuja kuchukua taka, na siku atakayokuja.

## Hatua ya 2: Panga tarehe kwa mvua na kwa mwezi

Hapa ndipo tarehe 5 Juni inapotuponza. Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuishia karibu na Mei. Mche uliopandwa Juni unakutana na kiangazi cha miezi minne kabla haujapata mizizi. Ukitaka kuadhimisha siku hiyo, iadhimishe kwa kuhesabu miti iliyo hai. Ligi yenyewe ianze Novemba.

Jambo la pili ni mwezi wa angani. Vijana wakubwa wa Kibirizi na Katonga wengi huenda ziwani usiku. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, hivyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kutoka mechi ya kwanza hadi ya tano ni siku 28, na mwezi huzunguka kwa takriban siku 29 na nusu. Ukianza Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu, utamaliza karibu na mwezi mpevu unaofuata. Ufunguzi na fainali vyote viwakute vijana hao nchi kavu. Ndio wanaoshika nyavu, kwa hiyo ndio unaowahitaji zaidi.

Nimechagua Jumapili alasiri kwa sababu Jumamosi inawaacha nje watoto wa Kisabato, nao ni wengi hapa. Anza saa 9, maliza kabla ya saa 12 ili wasichana wafike nyumbani mapema. Mechi ziwe za dakika 15 kila kipindi, netiboli na mpira wa miguu zikichezwa sambamba. Mechi tatu kila upande hazizidi saa mbili na nusu.

Onyo: Novemba ni mwezi wa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, filimbi ya mwisho. Watoto waingie ndani ya jengo, si chini ya mwembe, na wasirudi mpaka nusu saa ipite bila ngurumo.

## Hatua ya 3: Gawa maeneo na uhesabu uchafu kabla ya ligi

Kila mtaa upewe kipande cha mita 30 cha kutunza: ufukwe, mtaro au kando ya barabara. Kipande hicho ni cha wavulana na wasichana kwa pamoja. Wakigombana wao kwa wao wanapoteza wote.

Sasa, namna ya kupima. Msimu wangu wa kwanza tulipima kwa kilo: mtaa utakaoleta taka nzito unapata pointi. Gunia moja likawa zito kupita kiasi. Tulipolimwaga tukakuta mchanga mbichi, nusu tofali, na taka zilizochukuliwa dampo. Wale vijana hawakuwa waovu. Mimi niliwapa kipimo kinacholipa uchafu mwingi, nao wakautafuta uchafu mwingi. Wakati huo ufukwe wao ulikuwa vilevile.

Pima kilichobaki chini, siyo kilichomo ndani ya gunia. Fanya hivi:

1. Simama mwanzoni mwa kipande, geuka nyuma, tupa kijiti juu ya bega. Kinapoangukia ndipo kona ya mraba.
2. Tandaza kamba iwe mraba wa mita 5 kwa 5.
3. Hesabuni kila kipande cha plastiki kinachozidi ukubwa wa punje ya harage. Msiache kitu kwa sababu ni "kidogo".
4. Rudieni sehemu tatu, jumlisheni.
5. Andikeni kwa aina: vifuniko, chupa, kandoro, vifuko vya karanga na ubuyu, mirija, vipande vya wavu, mengineyo.

Safu hii ya aina ndiyo darasa lenyewe. Hebu chukua kipande kimoja cha mtaro unaoshuka kutoka Mwanga. Wiki ya kwanza vijana wanaandika kandoro 41, vifuniko 18, wavu 0. Wiki ya pili wameokota kila kitu, lakini baada ya mvua ya usiku mmoja hesabu inarudi palepale, na safari hii kuna vifuko vya ubuyu ambavyo duka la karibu haliviuzi. Kapteni wa netiboli akiinua kifuko kimoja na kusema, "Hiki si cha kwetu, kimeshuka," amegundua bonde la maji, eneo lote ambalo maji yake hushukia mahali pamoja, kwa macho yake. Mimi nilikuwa nalifundisha kwa mchoro ubaoni miaka yote, na hakuna aliyewahi kusisimka.

Hesabu ya mwanzo ifanyike wiki mbili kabla ya ligi, na kila mtaa ulinganishwe na hesabu yake wenyewe. Kulinganisha mtaa wa mlimani na mtaa unaopokea maji ya watu wote ni dhuluma.

Onyo: Glovu na viatu ni lazima. Kuna ndoano, vioo, na wakati mwingine sindano. Sindano inaokotwa na mtu mzima tu, kwa kifaa, na kuwekwa kwenye chupa ngumu. Hakuna kuingia majini kufuata taka: kichocho kipo kwenye maji ya pwani, na kuna sehemu zenye mamba. Waulize wazee wa mwalo.

## Hatua ya 4: Weka sheria za pointi, zisomwe kwa sauti

Ushindi ni pointi 3, sare 1, kufungwa 0, kwa mpira na kwa netiboli. Pointi za timu mbili za mtaa zinajumlishwa.

Pointi za eneo ni 2 kwa wiki. Wiki mbili za kwanza mtaa unazipata kama hesabu imeshuka hadi nusu ya ile ya mwanzo. Kuanzia wiki ya tatu, lazima iwe robo. Mtaa ulioanza na vipande 120 unatakiwa kufika 60, kisha 30.

Kwa nini 2? Nilijaribu 1 na hakuna aliyejali. Nilijaribu 3 na wachezaji wakasema ligi si ya mpira tena, wakaondoka. Pointi 2 haziwezi kuipa ubingwa timu mbovu, ila zinaweza kuupindua. Mtaa wenye pointi 21 za uwanjani na 2 za eneo unamaliza na 23. Mtaa wenye 18 za uwanjani na 8 za eneo unamaliza na 26. Andika mfano huu ubaoni siku ya ufunguzi, utaona vichwa vinavyogeuka.

Siku ya kuhesabu isitangazwe. Iwe Alhamisi wiki moja, Jumapili asubuhi wiki nyingine. Wahesabu ni watatu: kapteni wa mtaa unaohesabiwa, kapteni wa mtaa watakaocheza nao, na mtu mzima asiye na timu. Wote watie sahihi.

Sheria ya mwisho: takataka itakayokutwa kwenye benchi baada ya mechi inafuta pointi za eneo za wiki hiyo. Hakuna kandoro wala chupa za kutupa uwanjani. Maji yamo kwenye madumu, kila mtu na kikombe chake.

Umefaulu kama: wiki ya pili unasikia wachezaji wakimwambia mwenzao aokote, kabla wewe hujafungua mdomo.

## Hatua ya 5: Andaa uwanja kwa vitu vilivyopo

Magoli yafungwe nyavu chakavu. Vijana wazishone wenyewe, na fundi wa nyavu aje kuwaonyesha. Wakati mikono inafanya kazi, fundi atawaeleza kinachotokea wavu ukikatika na kuzama: unaendelea kukamata samaki ambao hakuna mtu atakayewala. Maneno hayo yana uzito yakitoka kwake kuliko yakitoka kwangu.

Uwanja ukiwa na mteremko, chimba mtaro mdogo upande wa juu na panda ukoka kando. Mipaka ichorwe kwa majivu.

## Hatua ya 6: Michezo mitatu ya mazoezini

Chukua dakika 20 za kila mazoezi ya katikati ya wiki. Michezo hii isifanywe siku ya mechi, kwa sababu siku hiyo akili zote ziko kwenye ushindi.

### Wavu na samaki

Weka alama uwanja wa mita 20 kwa 20. Vijana 20 ni samaki, wanne ni wavu. Nusu ya samaki wafunge kitambaa mkononi: hao ni wachanga.

Mzunguko wa kwanza ni wavu wa macho makubwa. Wanne wanashikana mikono kwa kuinyoosha na kukimbiza. Samaki mchanga anaruhusiwa kupita chini ya mikono, mkubwa haruhusiwi. Baada ya dakika moja, simamisha. Kila samaki wakubwa wawili waliobaki wanamrudisha mmoja aliyekamatwa, arudi akiwa mchanga. Wachanga waliopona wanavua kitambaa, wamekua.

Mzunguko wa pili ni wavu wa macho madogo. Wavu sasa una watu wanane, na anayeguswa amekamatwa, mkubwa kwa mchanga. Baada ya dakika moja hesabu waliobaki. Mara nyingi ni watatu au wanne, na wanaoweza kuzaa ni wachache zaidi. Mzunguko wa tatu unakosa samaki.

Hapo uliza: tufanyeje ili mchezo uendelee? Usijibu. Nyamaza hata kama kimya kinakuumiza. Watapendekeza wenyewe kurudisha macho makubwa, au wavu upumzike mzunguko mmoja. Jaribuni mapendekezo yao.

Kisha wakumbushe kwamba mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Waulize nyumbani kulikuwaje. Wengine watasema baba alikosa kazi, ada ikachelewa. Wasikilize mpaka mwisho. Usiwaambie kwamba kupumzisha ziwa hakuna gharama, kwa sababu wao wanaijua gharama. Swali zuri ni lile la mchezo: je, tungeendelea mzunguko wa tatu, tungekula nini?

### Rede ya chupa

Wasichana wanaijua rede kuliko wewe, waache waongoze, na wavulana wacheze pia. Mmoja katikati anajaza chupa mchanga huku wawili wakimrushia mpira wa soksi. Hapa chupa lazima itoke kwenye eneo la mtaa wao. Zilizojaa mnazungushia kitalu cha miche.

Mpira wa soksi ujazwe matambara na kufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ule wa mifuko ya plastiki uuache, ukipasuka unamwaga vipande uwanja mzima. Na zile chupa za kitalu ziondolewe miche ikishahamishwa. Jua linaichakaza plastiki, mwishowe inavunjika vipande vidogo na kuingia udongoni.

### Chupa ya tope

Huu unahitaji mvua. Mvua ikishakatika na korongo likishapungua, mtu mzima achote chupa tatu: maji yanayotoka kwenye mteremko mtupu, maji yanayotoka chini ya shamba lenye matuta au majani, na maji ya ziwa. Ziwekwe juu ya benchi. Mazoezi yaendelee kwa dakika 20.

Mkirudi, chupa ya kwanza ina tabaka jekundu chini, nene kama kidole. Ya pili ina utando. Ya ziwa ni angavu, kama hamkuchota mdomoni mwa korongo. Mwambie kijana mmoja aishike chupa ya kwanza juani, aizungushe taratibu. Huo udongo ni shamba la mtu. Ukifika ziwani unafunika mawe ambako samaki wengi wa pwani hula na kuzalia. Wavuvi wanamjua kuhe, anayetaga chini na kuwalinda vifaranga wake. Waulize vijana: ukimwagiwa tope juu ya kitanda cha mtoto, utabaki?

Umefaulu kama: mtu anataja jina la mlima au shamba ulikotoka udongo ule, bila kuulizwa.

## Hatua ya 7: Siku ya mechi, maneno machache

Mapumziko ni dakika 10. Wewe una dakika 3 na swali moja, basi. Nimeona makocha wakiharibu kazi ya wiki nzima kwa hotuba ya mapumziko, wachezaji wana kiu na wanataka kujua nani ataingia.

Swali lililonisaidia kuliko mengine ni hili. Shika kifuniko kimoja cha chupa. Uliza: kikiingia ziwani, kitatokea wapi?

Waache wabahatishe. Kisha waeleze. Ziwa letu lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kupaa kuwa mvuke. Ziwa lina kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na nchi nne zinalitumia. Maji yanapaa. Kifuniko hakipai. Rudisha kifuniko mfukoni, piga filimbi.

Baada ya mechi, matokeo na hesabu za eneo ziandikwe kwenye ubao mmoja, kwa chaki ileile, ukubwa uleule wa herufi. Pointi za eneo zikiandikwa pembeni kwa herufi ndogo, vijana wataelewa kwamba nazo ni ndogo.

## Hatua ya 8: Miti yenye namba za wachezaji

Usipande siku ya ufunguzi. Subiri mvua ziloweshe udongo kiasi cha shibiri moja na nusu. Mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne ya ligi. Mashimo yawe tayari kabla, sentimita 60 kwa 60 kwa miti ya matunda, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, na wa juu uchanganywe na samadi iliyooza.

Panda maembe, mifenesi, miparachichi au mwarobaini, kulingana na mahali. Mikaratusi usiilete karibu na chemchemi au mto. Miti ikae mita 6 au zaidi kutoka mstari wa pembeni, ili mchezaji anayekimbia asiuvae, na mwembe na mwembe mwenzake viachane mita 10.

Kila mti una namba, 1 hadi 10. Mti namba 7 unatunzwa na namba 7 wa daftari la wavulana pamoja na namba 7 wa daftari la wasichana. Mchezaji akihama mtaa, anayerithi nafasi anaurithi mti. Andika hilo, maana wachezaji huhama sana.

Adui mkubwa ni mbuzi. Zungushia kila mche makuti ya michikichi, yasimame wima na kufungwa sehemu mbili, juu kidogo ya urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Makuti yanachakaa baada ya miezi michache, basi yabadilishwe kabla ya kiangazi. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri kutoa mbuzi kama zawadi ya bingwa, ingawa ndiyo desturi ya mabonanza yetu. Toeni mpira mpya, jezi, na majembe mawili.

Kuanzia Juni, kila mti upate lita 5 mara mbili kwa wiki, jioni, na majani makavu yatandazwe kuzunguka shina bila kuligusa. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana mafuta mengi wala sabuni kali. Wasichana wasibebeshwe kazi hii peke yao. Mimi naweka zamu ubaoni: wiki moja wavulana, wiki moja wasichana, na jina la asiyekwenda linasomwa kwenye mazoezi.

Umefaulu kama: katikati ya Agosti, wakati hakuna ligi wala ubao, udongo chini ya miche una unyevu.

## Hatua ya 9: Fainali, na hesabu ya Septemba

Siku ya mwisho ya ligi, hesabuni maeneo yote sita asubuhi moja, mkiwa pamoja, na muweke hesabu ya mwanzo na ya mwisho kando kwa kando. Kombe litolewe kwa jumla ya jedwali. Kama kuna mgeni rasmi, mpe kazi ya kusoma hesabu hizo badala ya hotuba. Wengi hukubali kwa furaha wakiombwa mapema.

Msimu hauishii hapo. Jumapili ya mwisho ya Septemba, makapteni wote wakutane kuhesabu miti. Mti hai ni wenye majani au wenye chipukizi, ukikwaruza gome kwa kucha unaona kijani. Mtaa wenye miti 8 au zaidi unaanza msimu mpya na pointi 4. Wenye 5 hadi 7 unaanza na pointi 2. Chini ya hapo, sifuri. Mtaa ulioshuka kwa sababu ya moto au kisima kukauka usamehewe tu kama makapteni wote sita wamekubali, maana ukianza kusamehe peke yako utaonekana una timu yako.

Tumia miche ya akiba kujaza mapengo mvua zikirudi, na mche mpya upewe namba ileile. Hesabu za Septemba ziandikwe ubaoni palepale, kabla watu hawajatawanyika, na kila kapteni aweke sahihi kwenye daftari.